Mafuta ya Breki katika Miteremko ya Mufindi
Gari la Mgololo, wilayani Mufindi, ambako malori ya magogo hulisha kiwanda cha karatasi, hupimwa na miteremko kuliko mwendo kasi, ingawa wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika kutoka Japani hutazama kwanza rangi na kilomita. Kinachosahaulika ni mafuta ya breki, yaani kimiminika kinachopeleka nguvu ya mguu wa dereva kutoka kwenye kanyagio hadi magurudumuni. Kimiminika hicho hunyonya unyevu wa hewani, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka, hata mafuta ya daraja la DOT 3, ambayo yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yaweza kuchemka karibu na nyuzi 140. Yakichemka kwa joto la breki zinazokanyagwa mfululizo mteremkoni, hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, kanyagio huzama bila gari kusimama. Ndiyo sababu dereva makini anayeteremka mlima wa Kitonga huingiza gia ndogo mapema ili injini yenyewe izuie mwendo. Magari ya otomatiki nayo mara nyingi huwa na nafasi ya L au 2 kwa kazi hiyohiyo, ambayo wenye magari wengi, kwa bahati mbaya, hawaigusi kamwe.