Ile Laini Nyekundu ya Kipimo cha Mimba? Hiyo ni Dhahabu, Msee

Ni saa kumi na moja asubuhi. Uko kwa choo ya ploti, mlango umeushikilia na mguu juu komeo iliharibika kitambo, na macho yote yako kwa kile kijiti cha plastiki ulichonunua kwa kemisti jana ukijifanya umeendea Panadol. Laini moja ama mbili? Manze, hizo dakika chache huwa ndefu kuliko jam ya Mombasa Road.

Kuna kitu hukuambiwa ukilipa. Kama hiyo laini imetokea pinki ama nyekundu, uwezekano mkubwa si wino. Ni dhahabu. Ile ile ya pete na cheni za wasanii. Kuna kampuni hutumia rangi ya bluu isiyo na dhahabu, lakini nyekundu ya kawaida ndiyo hiyo. Vipimo vingi vya haraka vya malaria, Covid na HIV pia hufanya kazi hivyo. Na kabla uanze kuokota vijiti jalalani, dhahabu ya kimoja haifiki hata elfu moja ya gramu. Utazeeka kabla upate ya pete.

Najua unauliza, si dhahabu ni ya manjano? Ikiwa kipande, ndio. Ikiwa chembe ya nanomita 40 hivi, inabadilisha tabia kabisa. Unywele mmoja una upana wa karibu nanomita 80,000, so chembe kama 2,000 zinaweza kupanga foleni kwa huo upana. Kwa saizi hiyo, mwanga ukigonga chembe, elektroni zake zinatikisika pamoja na kumeza sana ile rangi ya kijani. Jicho lako linabakishiwa nyekundu.

Hakuna kisu cha kukata kitu hivyo. Wanakemia huanza upande ule mwingine: wanayeyusha dhahabu hadi atomu moja moja, kisha wanazirudisha pamoja na kuzisimamisha kabla zikue kubwa. Kuiyeyusha kunataka mchanganyiko wa asidi mbili kali, ya nitriki na ya hidrokloriki, na hiyo ni kazi ya labu, si ya jikoni kwa mathe. Inayopatikana ni maji ya manjano, na ndani yake kila atomu ya dhahabu imenyang'anywa elektroni tatu. Bila hizo tatu haiwezi kuwa metali tena. Inaelea tu.

Maji yanachemshwa, halafu inamwagwa sodiamu sitreti, chumvi inayotokana na ile asidi inayofanya ndimu iwe kali. Sitreti ina elektroni za kugawa. Atomu zikisotiwa, zinakuwa metali tena na kuanza kushikana. Hapo sinema inaanza: manjano inapotea, maji yanabaki bila rangi, yanageuka giza la zambarau, na baada ya dakika kadhaa ni mekundu kama Vimto iliyoongezwa maji.

Sasa kwa nini zisiendelee kushikana mpaka ziwe donge? Kwa sababu sitreti hiyo hiyo inakaa juu ya kila chembe na kuivalisha chaji hasi. Chembe mbili zikikaribiana zinasukumana, kama sumaku mbili zilizoelekezana ncha zinazofanana. Kitu kimoja, kazi mbili. Ni kama kange anayekuita uingie mat, halafu yeye huyo anahakikisha hamkanyagani. (Sawa, mfano mbaya. Kange hajawahi kuzuia mtu akanyagwe.)

Ukitaka kujua hiyo kazi ya pili si mchezo, tia chumvi ya kawaida kwa hayo maji mekundu. Chumvi inaficha ile chaji, chembe zinashikana, na rangi inaruka kwenda bluu ukiangalia.

Hii mbinu ya sitreti ilitolewa na John Turkevich na wenzake huko Marekani mwaka wa 1951. Mwaka wa 1973 G. Frens akaonyesha kwamba saizi unaamua wewe: ongeza sitreti upate chembe ndogo, punguza upate kubwa. Lakini buda wa hii stori ni Michael Faraday, yule wa stima. Mwaka wa 1857 alitengeneza maji ya dhahabu mekundu akitumia fosforasi, na akagundua rangi inatoka kwa udogo wa chembe. Baadhi ya chupa zake ziko London hadi leo, bado nyekundu.

Turudi kwa choo. Chembe zilizokaushwa ndani ya kijiti zimepakwa kingamwili zinazoshika homoni ya mimba, hCG. Mkojo unapanda, unazibeba. Kama hCG iko, inashikwa na chembe upande mmoja, na upande mwingine inanaswa na kingamwili zilizochorwa kwa kile kijiti. Chembe zinarundikana hapo, na laini inatokea. Laini ya pili, ya C, hunasa dhahabu uwe na mimba ama usiwe. Kazi yake ni kuonyesha kipimo kiko hai. C ikikosa, hilo jibu ni bure hata kama ile nyingine imewaka. Nunua kingine.

Laini hafifu yenye rangi, ikitokea ndani ya muda ulioandikwa kwa pakiti, inahesabiwa. Ile ya kijivu inayotokea ukirudi kucheki baadaye, wachana nayo, mara nyingi ni alama tu ya mkojo uliokauka. Na hizo kingamwili hazipendi joto. Pakiti nyingi zimeandikwa nyuzi 2 hadi 30, so kijiti kilichoanikwa juani dirishani kwa duka kinaweza kukudanganya, hata kama dhahabu yake iko fiti. Kwa HIV, jibu la positive ulilojipima mwenyewe lazima lithibitishwe kliniki kabla uamini chochote.