Usalama na Udhibiti wa Mwingiliano wa Redio katika Vifaa vya Kuchukulia Sampuli za Maji Viwandani: Mfano wa Songo Songo, Wilaya ya Kilwa

Ikisiri

Makala hii inafafanua masharti ya usalama na ya mwingiliano wa redio yanayohusu vifaa vinavyojiendesha vya kuchukulia sampuli za maji. Hoja yake ni kwamba mpaka uliowekwa na viwango vya kimataifa kati ya kiwanda na makazi unahitaji kuthibitishwa upya katika kisiwa ambamo mtambo na kijiji ni majirani.

1. Usuli

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 2004. Gesi husafishwa kisiwani, husafirishwa kwa bomba la chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu hadi Dar es Salaam. Gesi inapotoka kisimani huambatana na maji ambayo hutenganishwa mtamboni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadhibiti utiririshaji wa majitaka. Hivyo sampuli ni ushahidi unaowagusa moja kwa moja wavuvi wanaoitegemea bahari hiyo.

2. Usalama

Kiwango cha IEC 61010-1 kinahusu kinga dhidi ya mshtuko wa umeme, moto na majeraha yatokanayo na sehemu zinazozunguka. Hata hivyo, hakitoshi mahali penye gesi inayoweza kulipuka. Hapo hutumika mfululizo wa IEC 60079. Vilevile, alama ya IP67 humaanisha kwamba kifaa kimestahimili kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Alama hiyo haithibitishi ustahimilivu dhidi ya kutu ya chumvi, ambayo katika pwani ya Lindi huweza kula viungio vya waya wa ethi na kuiondoa kinga iliyokuwapo siku ya ufungaji.

3. Mwingiliano wa redio

Mota ya pampu yenye brashi hutoa cheche ndogo, nacho kigeuzi cha umeme huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Vyote huzalisha kelele za redio. IEC 61326-1, kinachohusu vifaa vya upimaji, hufuata mipaka ya CISPR 11. Kati ya megahezi 30 na 230, kwa umbali wa mita 10, mpaka wa Daraja A ni desibeli 40 juu ya maikrovolti 1 kwa mita, yaani maikrovolti 100 kwa mita. Wa Daraja B ni desibeli 30, yaani takriban maikrovolti 32.

Chaneli 16 ya redio za vyombo vya majini, inayotumika kuomba msaada, ipo katika megahezi 156.8, ndani ya masafa hayo. Kelele hufifia kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa hiyo athari hutarajiwa zaidi gatini au penye antena iliyo karibu, si kwa chombo kilicho mbali baharini.

Jambo la msingi ni kwamba Daraja A halikusudiwi kwa makazi, wala kwa mahali palipounganishwa moja kwa moja na njia ya umeme mdogo inayohudumia nyumba. Kigezo, basi, si jina la kiwanda bali ni njia ya umeme. Kifaa kilichofungwa kwenye njia moja na nyumba za kijiji kinastahili Daraja B, hata kama mmiliki wake ni kiwanda.

4. Mgawanyo wa wajibu

Shirika la Viwango Tanzania husimamia ubora wa bidhaa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania huidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano, ikiwemo modemu inayotuma takwimu. Na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi hukagua maeneo ya kazi. Cheti cha modemu hakithibitishi kifaa kizima, kwa kuwa kelele za mota hazimo katika upimaji wake.

5. Hitimisho

Uzingatiaji wa viwango haukamiliki kwa cheti cha mtengenezaji. Mkaguzi anapaswa kuhakiki mambo matatu mahali kifaa kilipofungwa: chanzo cha umeme, uwezekano wa gesi, na umbali hadi antena iliyo karibu. Bila uhakiki huo, kifaa kilichonunuliwa ili kuilinda bahari kinaweza kumhatarisha anayeifanyia kazi.