Kuunda Manowari na Bomba Tatu (3): Mkuku, Mataruma na Uzito

Wiki mbili zilizopita tuliisoma michoro ya meli ya Kijerumani Königsberg, tukakubaliana kipimo cha 1 kwa 100: kila meta moja ya meli yenyewe ni sentimeta moja ya chombo chetu. Leo tunashika msumeno.

Msomaji anayejiunga nasi sasa ajue kwamba hii ndiyo meli ambayo watu wa Dar es Salaam waliiita manowari na bomba tatu, kwa ajili ya dohani zake, ilipotia nanga hapo Juni 1914. Alfajiri ya 20 Septemba mwaka huohuo iliishambulia Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar ikaizamisha, na mabaharia 38 wakafa. Kisha mitambo ikaharibika. Ikajificha katika delta ya Rufiji, na sehemu za boila zake zikakokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, zikakokotwa tena kurudi. Tarehe 11 Julai 1915 ikamalizwa na meli mbili za Kiingereza za maji mafupi, Severn na Mersey. Sisi tunaiunda ilivyokuwa asubuhi ile ya Zanzibar, si ile ya Rufiji iliyoshushwa ncha za milingoti na kufunikwa matawi ya mikoko. Kila anayeunda mfano wa meli lazima aitaje siku yake, maana meli hubadilika kama mtu anavyobadilika.

Tuanze na ukubwa. Meli ilikuwa na urefu wa meta 115.3 na upana wa meta 13.2. Chombo chetu basi kitakuwa na sentimeta 115, karibu kimo cha mtoto wa miaka sita, na upana wa sentimeta 13 na kidogo. Wapo wanaouliza kwa nini tusitengeneze kidogo zaidi kikatosha kwenye rafu ya vitabu. Jibu liko kwenye reli za sitaha. Ufito wa reli wenye unene wa sentimeta 3 kwetu ni waya wa milimeta 0.3, na huo unashikika kwa kibano na kuunganishwa kwa risasi. Kwa kipimo cha 1 kwa 350 waya huohuo ungekuwa mwembamba kama unywele, na mkono wa kawaida hauwezi kuufanyia kazi ya kweli.

Kata mkuku kwa plaiwudi ya milimeta 6, ubao mmoja ulionyooka, usiunganishe vipande. Mataruma yatoke kwenye plaiwudi ya milimeta 4, moja kila baada ya sentimeta 5, jumla kama 22 hivi. Hapa ndipo wengi hupotea bila kujua. Mchoro unakuonyesha umbo la nje la meli, nawe utayavika mataruma mbao za milimeta 2. Ukiyakata sawasawa na mchoro, upana utatoka sentimeta 13.6 badala ya 13.2, na meli yenyewe ingekuwa imenenepa kwa sentimeta 40. Toa milimeta 2 kila upande kabla ya kukata.

Mafundi wetu wa pwani wataona mpangilio huu umepinduka. Mtepe, kile chombo cha Lamu na visiwa vyake kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulianza kwa mbao za ubavu, na mataruma yakatiwa ndani baadaye. Macho ya fundi ndiyo yaliyoamua umbo. Manowari ya chuma iliamuliwa kwenye karatasi kabla bamba moja halijakatwa, na ndiyo maana tunatanguliza mataruma. Mtepe naukumbuka pia kwa sababu nyingine. Mitepe ya kale yote imekwisha, na wataalamu wanaotaka kujua ilivyoungwa hutegemea sana mifano midogo ambayo mafundi wa zamani waliichonga kwa uaminifu. Königsberg nayo imemezwa na tope la Rufiji. Anayekosea kipimo kwa makusudi ili kazi imwishie haraka anamdanganya mtu asiyezaliwa bado.

Kuvika mbao ni kazi ya subira. Chukua ubao laini usio na fundo, uchane vipande vyembamba vya upana wa milimeta 6. Anzia juu, karibu na sitaha, ukishuka pande zote mbili kwa zamu: kipande kimoja kulia, kimoja kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mkuku utavutwa na kupinda. Sehemu ngumu ni omo. Omo la meli hii limechomoza mbele chini ya maji, kwa hiyo ubao hutoka ubavuni ukiwa wima, ukajipinda na kulala kabla ya kufika mwisho. Ushike juu ya mvuke wa birika, uuzungushe polepole, na vidole vitakuambia pale nyuzi zinapolegea. Usubiri kidogo tena. Kisha uulaze mahali pake, utie gundi, uubane kwa vibanio vya nguo, na usiuguse mpaka kesho yake. Ukisikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, uondoe na uanze na mwingine. Ufa unaofichwa kwa puti utafunguka siku chombo kikiingia majini.

Sasa uzito, jambo ninalolishikilia kuliko yote. Königsberg ilipokuwa tayari kwa safari ya kawaida ilikuwa na tani 3,390. Sisi tumegawa urefu kwa 100, upana kwa 100 na kina kwa 100. Uzito basi unagawanywa kwa milioni moja. Chombo chetu kikamilike na kilo 3.39, pamoja na betri, mota, rangi na kila mzinga. Kikizidi, mstari wa maji utazama. Kikipungua, kitaelea juu kama boya na kuyumba. Wa bwawani au ziwani wajue pia kwamba maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari: chombo kitazama karibu milimeta moja zaidi.

Chombo changu cha kwanza nilikifunga sitaha kabla ya kukipima majini. Kililalia kushoto. Betri ilikuwa imekaa pembeni kidogo ya mkuku, nikalazimika kukata sitaha niliyoitengeneza mwezi mzima. Tangu hapo sifungi kitu. Natia ganda tupu kwenye tangi la maji, nalipakia vipande vya risasi chini kabisa, juu ya mkuku, navisogeza mpaka maji yaguse mstari pande zote, ndipo navigundisha. Vya juu viwe vyepesi kadiri inavyowezekana: dohani za karatasi ngumu, milingoti myembamba.

Wiki ijayo tutachonga mizinga kumi. Ninakuomba msaada, msomaji uliye Mombasa. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, na mmoja wa Pegasus uko hapohapo. Nenda na futi kamba. Mdomo wa ule wa Kijerumani una tundu la milimeta 105, na mtutu wake unatakiwa kukaribia meta 4.2. Pima unene wa nje wa mtutu mdomoni, katikati na karibu na shina, uandike kwa milimeta, kisha ugawe kwa mia.