Sura ya 7: Bawabu na Barua Iliyochanwa

Mkuu wa shule moja ya bweni alinipigia simu usiku, sauti ameishusha kama anayeleta habari za msiba. "Fundi, kuna kijana wa kidato cha tatu ana akili za kishetani. Anafungua kurasa tulizozifunga."

"Shikamoo, mwalimu. Programu ya ruta yenu ilisasishwa lini?"

Akanyamaza. Kisha akasema tangu mkandarasi aifunge haijaguswa, maana inafanya kazi vizuri.

Nilipanga sura hii iondoe dhana tatu: kwamba anayepita kichujio ni mchawi wa kompyuta; kwamba kifaa cha bei kubwa hakipitiki; na kwamba kichujio kikivuja, dawa ni kuzima ruta na kuiwasha. Hii ya tatu naimaliza hapa hapa. Kuzima na kuwasha husafisha kumbukumbu ya muda ya mashine. Kosa lililoandikwa ndani ya programu hulala na ruta, na huamka nayo.

Sasa huyo mchawi. Mwezi Mei 2006, Cisco ilitoa tahadhari kuhusu vifaa vyake vya ulinzi wa mtandao, PIX na ASA, pamoja na FWSM, moduli inayochomekwa ndani ya swichi za Catalyst 6500 na ruta za mfululizo wa 7600. Hivyo vilikuwa vifaa vya mabenki na makampuni makubwa, kwa hiyo dhana ya pili nayo ianze kutetemeka. Udhaifu wenyewe ulipewa namba CVE-2006-0515, na nimeusimulia darasani mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi wangu huanza kucheka nikitaja mwaka tu.

Kifaa hakikubeba orodha ya tovuti zilizopigwa marufuku. Orodha ilikaa kwenye seva nyingine, yenye programu ya kuchuja ya Websense au N2H2. Mtumiaji alipoomba ukurasa, kifaa kilitoa anwani ndani ya ombi, kikaipeleka kwa seva hiyo na kusubiri jibu: apite au asipite. Bawabu mlangoni, karani ndani na daftari lake.

Ombi la ukurasa huanza na neno GET, likifuatiwa na anwani. Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hata watu wanaolipwa kwa kazi hii hukosea: wanadhani ombi moja ni pakiti moja. Sivyo. TCP, itifaki inayobeba ombi hilo, ni mfereji wa baiti. Inaahidi kwamba baiti zitasomwa upande wa pili kwa mpangilio zilivyotumwa, bila pengo. Zitasafiri katika pakiti mbili au ishirini, hilo halimo katika ahadi. Pakiti ya Ethernet kwa kawaida hubeba hadi baiti 1500, na maombi mengi ya enzi ile yalienea humo na nafasi ikabaki. Mazoea hayo yakageuka sheria kichwani mwa mwandishi wa programu.

Lakini mtumaji ana haki kamili ya kutuma herufi G peke yake, kisha ET na anwani katika pakiti inayofuata. Seva ya mbali huunganisha vipande na kusoma GET, kama siku zote. Bawabu alitazama pakiti ya kwanza akaona G: hili si ombi, lipite. Akatazama ya pili akaona ET: hili nalo si ombi. Karani hakuulizwa kitu. Ukurasa ukafunguka.

Basi, ni hayo tu. Hakuna nywila iliyovunjwa. Barua ilichanwa vipande viwili, na bawabu aliyeamriwa kukagua barua akaona makaratasi.

Usidhani wahandisi wale walikuwa wazembe. Walishajiuliza: karani akiugua, yaani seva ya Websense ikizimika, iweje? Amri ya kuchuja ikiandikwa bila neno allow mwishoni, kifaa kilizuia kurasa zote mpaka seva irudi. Likiwekwa neno hilo, kila kitu kilipita. Msimamizi alichagua mwenyewe. Walimfikiria karani asiyekuwepo, wakamsahau bawabu asiyeelewa alichokishika. Na onyo lilikuwepo: mwaka 1998 watafiti Ptacek na Newsham walikuwa wameshaonyesha kwamba anayechungulia mawasiliano akiwa katikati hupotoka pale asipoyasoma kama anavyoyasoma mpokeaji.

Toleo lililorekebishwa lilitoka, lakini ugonjwa haukuisha. Siku hizi kurasa nyingi husafiri zimefungwa kwa TLS, itifaki ya usimbaji, na kichujio mara nyingi huona jina la tovuti tu, ndani ya salamu ya kwanza ya kivinjari. Mwaka 2024 Chrome toleo la 124 ilianza kuweka katika salamu hiyo ufunguo wa kujikinga na kompyuta za kwanta, wenye baiti zaidi ya elfu moja. Salamu ikafurika pakiti moja. Vifaa vilivyoamini kwamba salamu haigawanyiki vikakwama, na watu halali wakakosa tovuti halali. Bawabu wa 2006 alipitisha asichokielewa, huyu akakitupa.

Kwa hiyo muuzaji akikujia na "akili mnemba" na "ulinzi wa kijeshi", usimuulize kifaa chake kinazuia tovuti ngapi. Muulize kikikutana na kisichokielewa, kinapitisha au kinakataa, na nani aliamua hivyo. Akianza kukuonyesha rangi za taa, mshukuru kwa muda wake. Bei nayo haijibu swali hilo.

Nilikwenda shuleni. Kijana aliletwa akitetemeka, akanionyesha uchawi wake: katika anwani, baada ya http, aliongeza s. Ruta ile ya zamani ilisoma maombi ya http peke yake. Yaliyofungwa kwa TLS, yaani ya https, iliyaacha yapite. Kwa nini ilikuwa hivyo, yeye hakujua. Mwenzake ndiye aliyemwambia.

"Kwa hiyo adhabu gani inamfaa?" akauliza mkuu.

"Mwalimu, hilo ni lako," nikasema, huku nikiuliza nywila ya ruta. Ilikuwa bado admin.