Je, Wajua? Pikipiki ya 150 Haina cc 150

Je, wajua kwamba Bajaj Boxer iliyoandikwa 150 ubavuni, ile unayoikuta kwenye vijiwe vya bodaboda Same mjini, ina ujazo wa cc 144.8? Hakiki mwenyewe. Kipenyo cha silinda yake ni sentimita 5.6 na pistoni inatembea sentimita 5.88. Chukua nusu ya kipenyo, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.1416, kisha kwa mwendo wa pistoni. Kadhalika Boxer ya 100: ni cc 99.3.

Wajua kwamba chumba kilicho juu ya pistoni, ambamo mafuta huwashwa na plagi, hakihesabiwi? Hupimwa nafasi ile tu ambayo pistoni inaifagia.

Wajua kwamba pikipiki nyingi za Kichina zinatumia injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970, yenye cc 124.1? Ndugu yake mkubwa ana cc 149.4. Huyo naye huuzwa kwa jina la 150, ingawa anaizidi Boxer kwa cc 4.6. Namba ya ubavuni ni jina la biashara.

Wajua kwamba ujazo hubadilika gereji? Silinda ya CG125 iliyolika ikichongwa na kuwekewa pistoni ya ovasaizi ya nusu milimita, inafika cc 126.3. Kadi ya pikipiki inabaki na namba ileile. Na cc 125 ndiyo mpaka kati ya leseni ya daraja A1 na daraja A hapa Tanzania!

Hili la mwisho ndilo linalowahusu zaidi Wapare. Wajua kwamba mlima unapunguza nguvu bila kugusa cc? Kila ukipanda mita 1,000, hewa inapungua uzito kwa takribani sehemu moja ya kumi, na injini ya kabureta inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Kilele cha Shengena, katika milima ya Upare, kina mita 2,462. Kama Boxer ya 150 ingefika huko, hewa inayoivuta ingekuwa sawa na ya injini ya cc 115 hivi iliyoko Tanga, usawa wa bahari. Kabureta nayo haijui kwamba hewa imepungua, hivyo inamwaga petroli karibu ileile: moshi unakuwa mweusi na mafuta yanaisha haraka.

Kwa hiyo anayenunua pikipiki ya kushusha magunia ya tangawizi kutoka Mamba Miamba na kurudi juu na abiria asiishie kuuliza cc. Muulize muuzaji torki, yaani nguvu ya kuvuta, na inapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi. Ya mizunguko ya chini ndiyo inayofaa kupanda mlima. Kisha hesabu meno ya sproketi ya nyuma. Yakiwa mengi, mwendo kasi unapungua lakini mlima unapandika.