Fahamu: Kwa nini kompyuta huwa nzito baada ya kuwekewa Windows 11

Tangu Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wamehamia Windows 11, na uzito wa kompyuta umekuwa shakwa la kila siku.

Sababu

Windows 11 hudai kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache, kadiri ambayo kwa hakika ni haba. Na ikishawekwa huendelea kimyakimya kupanga faharasa ya mafaili na kupakua masasisho, shughuli ambayo diski kongwe ya kuzunguka huihimili kwa taabu, hususan umeme ukikatika katikati, jambo lisilo geni katika miji kama Gitega na Muyinga.

La kufanya

Iache iwake saa kadhaa. Kisha bonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc, utazame safu ya diski katika dirisha litakalofunguka: ikidumu 100%, zima programu zinazojiwasha zenyewe, na ukijaaliwa uwezo, tia diski ya SSD, ambayo ndiyo dawa iliyo bora. Kurejea Windows 10 kwa wepesi huwezekana ndani ya siku 10 tu.