Jeli ya Maziwa Nyumbani: Moto Kabla ya Baridi

Maziwa yaliyogandishwa kuwa jeli ni kitindamlo cha kale. Watu wa mwambao, kuanzia Mombasa hadi Zanzibar, huita faluda: maziwa, sukari na iliki hugandishwa kwa agari, unga utokanao na mwani mwekundu. Ulaya nayo ilikuwa na namna zake mbili. Ya kwanza ilichemshwa pamoja na wanga. Ya pili iligandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama. Kwa jiko la Izia au mtaa mwingine wa Sumbawanga ambako maziwa hufika mlangoni yakiwa mabichi, tofauti kati ya namna hizo inahusu afya kuliko ladha.

Kimeng'enya cha ndama hufanya kazi kwenye joto la mwili, takriban nyuzi 37 za Selsiasi, na maziwa yaliyokwisha kuchemshwa hayagandi nacho vizuri. Mpishi wa zamani kwa hiyo aliyapasha maziwa yakawa vuguvugu tu. Joto hilo haliui bakteria, huwastawisha. Maziwa mabichi yaweza kubeba bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, na pia brusela, ambao huwafanya ng'ombe kutupa mimba. Kwa binadamu brusela huleta homa inayopanda na kushuka kwa majuma kadhaa, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo. Mgonjwa hutibiwa malaria, kisha taifodi, na homa hurejea. Mhudumu wa afya akutanaye na homa ya namna hiyo hana budi kuuliza swali moja rahisi: je, maziwa ya nyumbani huchemshwa? Matibabu yake ni dawa zaidi ya moja kwa muda usiopungua majuma 6, na wengi huziacha mara homa inapotulia.

Wapo wanaoamini kwamba kuchemsha huondoa nguvu ya maziwa. Protini na kalsiamu hubaki. Kinachopungua ni baadhi ya vitamini, hasa zile ambazo maziwa hayana nyingi tangu mwanzo.

Namna ya kutengeneza ni hii. Kwa nusu lita ya maziwa, chukua vijiko vikubwa 4 vya unga laini wa wanga wa mahindi (si unga wa ugali) na vijiko vikubwa 2 vya sukari. Koroga wanga kwa maziwa baridi kidogo hadi mabonge yaishe. Chemsha maziwa yaliyobaki hadi yatokote, mimina ule mchanganyiko huku ukikoroga, rudisha motoni, uache uchemke polepole kwa dakika chache hadi uwe mzito na ladha ya unga mbichi iondoke. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Joto hilo latosha kabisa kuua brusela, lakini wanga huhitaji subira zaidi kuliko pwani. Anayetumia agari huchemsha kwanza kijiko kidogo 1 cha unga wake katika maji kidogo hadi uyeyuke wote, ndipo autie katika maziwa ya moto.

Baridi ya Ufipa si jokofu, hata usiku wa Juni. Baadhi ya bakteria hutengeneza mbegu zinazostahimili kuchemshwa, nazo huamka chakula kikikaa vuguvugu kwa muda mrefu. Jeli imiminwe katika vyombo vidogo visafi, vifunikwe na kuwekwa ndani ya beseni la maji baridi. Pasipo jokofu, iliwe siku ileile.

Mapishi ya wanga yakigawanywa sehemu 4, kila moja hubeba takriban gramu 20 za wanga na sukari kwa pamoja. Mwenye kisukari aihesabu kama sehemu ya mlo wake, wala si nyongeza. Ile ya agari isiyotiwa sukari hubaki na sukari ya maziwa tu, kama gramu 6.

Mgonjwa wa kiharusi anayekohoa au kupaliwa anapokunywa maji asipewe jeli yoyote kabla uwezo wake wa kumeza haujapimwa. Ya jelatini huyeyuka mdomoni ikawa majimaji, na ya agari hukatika vipande vinavyoweza kuziba njia ya hewa. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama.

Na anayemeza siprofloksasini asiichukue pamoja na jeli hii, kwa kuwa kalsiamu huizuia dawa kufyonzwa. Ameze dawa angalau saa 2 kabla. Doksisaiklini, inayotumika sana kutibu brusela, huathiriwa kidogo zaidi ya inavyodhaniwa, hivyo nayo imezwe kwa maji.